DNA na RNA: Ndugu Wawili Katika Shamba la Muhogo



Swali la safari hii tuliulizwa chini ya mwembe, upande wa Magarini. Kikundi cha akina mama kilituita tuangalie muhogo wao. Afisa wa kilimo alikuwa amepita wiki mbili kabla yetu, akawaambia kwamba shamba lina virusi vya aina mbili, "kimoja cha DNA na kingine cha RNA". Akapanda pikipiki yake akaenda zake. Sasa mama mmoja, mtu mzima wa makamo ya bibi zetu, akatugeukia: "Wanangu, hiyo DNA si ndiyo ile waliyokuwa wakiwapima watu kule Malindi, kutafuta maiti wa Shakahola? Imefikaje kwenye muhogo wangu? Na hiyo RNA nayo ni kitu gani?"

Swali hilo tulilijibu vibaya siku ile, kwa haraka haraka, jua lilikuwa linatua. Tumerudi nyumbani, tumesoma, tumeuliza wanaojua, na leo tunajaribu tena. Ni jambo la kitaalamu, lakini mwisho wake ni chakula, na sisi wenyewe limetugharimu. Hilo tutalieleza mbele.

KWANZA, ILE DNA YA MALINDI

Wengi wetu hapa Kilifi neno DNA lilituingia masikioni mwaka 2023. Kuanzia Aprili mwaka huo, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola. Mingi haikuweza kutambulika kwa sura. Watu waliopotelewa na jamaa zao wakaombwa watoe sampuli ili zilinganishwe na zile za marehemu. Kazi ilichukua karibu mwaka mzima. Ni Machi 2024 ndipo familia za kwanza zilipoanza kukabidhiwa watu wao wakazike.

Kwa nini iliwezekana? Sababu ni mbili. Ya kwanza, kila mtu amepewa nusu ya DNA yake na mama na nusu na baba, kwa hiyo mzazi akitoa sampuli leo, mtoto wake anaweza kujulikana hata akiwa amebaki mifupa. Ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi: DNA hudumu. Nyama ikishaoza, ndani ya mfupa na jino DNA bado inaweza kusomwa, miaka mingi baadaye. Kama wangetegemea RNA, hakuna familia ambayo ingepata jibu, maana RNA katika mwili uliozikwa muda mrefu huwa imekwisha kuvunjika vunjika.

Basi hawa ni ndugu wawili wanaofanana majina, lakini mmoja hudumu na mwingine hupita. Sababu iko kwenye maumbile yao.

UMBO LAO

Fikiria ngazi ya kamba, ile ya kupandia chomboni. Ina kamba mbili pembeni na vipago katikati. Sasa ishike juu na chini uisokote kama mtu anayesokota kamba ya makumbi. Hiyo ndiyo DNA. Watu walioueleza umbo huo kwa mara ya kwanza, mwaka 1953, ni James Watson na Francis Crick kule Uingereza, wakitegemea sana picha za eksirei za mama mmoja mtaalamu, Rosalind Franklin, ambaye sifa zake zilichelewa mno kumfikia.

Kamba za pembeni ni sukari na fosfati, zimeungana moja moja kwa zamu. Vipago ndivyo vyenye maneno. Kila kipago ni herufi mbili zilizoshikana mikono, na herufi zenyewe ni nne tu: A, T, G na C. A hushikana na T, na G hushikana na C. Hawabadilishani wachumba. Kwa hiyo ukiijua kamba ya upande mmoja, unaijua na ya pili. Upande mmoja ukiharibika, seli husoma ule mwingine na kurekebisha. Ni kama kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni: mteja akipoteza yake, nakala iko kitabuni.

Karibu kila seli ya mwili wako ina DNA ya urefu wa kama mita 2, imekunjwa ndani ya kiini kidogo kisichoonekana kwa macho. Vipago vyake, ukihesabu seti iliyotoka kwa mzazi mmoja peke yake, ni kama bilioni 3.

RNA ni ndugu yake, ila kwa kawaida ina kamba ya upande mmoja tu. Haina ngazi kamili, ingawa hupenda kujikunja na kujishika yenyewe hapa na pale. Mahali pa herufi T inatumia herufi U. Na sukari yake ina oksijeni moja zaidi. Hapo ndipo jina linapotofautiana: ile D ya DNA inatokana na neno lenye maana kwamba oksijeni moja imeondolewa.

Mtu atasema, oksijeni moja ni nini? Kumbe ni kubwa. Ile oksijeni ya ziada iko karibu kabisa na kiungo cha kamba, na inaweza kukigeukia ikakikata. RNA hubeba kisu chake mwenyewe mfukoni. Ukiiweka kwenye maji makali ya chokaa, hukatika vipande vipande, hali kamba ya DNA hubaki. Tena kuna vimeng'enya vinavyokata RNA, na vimejaa kila mahali, hata kwenye jasho na mate yetu. Ndiyo maana ukimwona mtu wa maabara anashika RNA kwa glavu, usidhani anajikinga yeye tu. Anaikinga RNA na vidole vyake.

Na hizo U na T? Herufi C ina tabia ya kuchakaa yenyewe polepole ikageuka kuwa U. Ndani ya DNA, U ni mgeni asiyetakiwa, kwa hiyo seli ikiiona inajua hapa pameharibika, inaitoa na kurudisha C. Ndani ya RNA, U ni mwenyeji. Nani atajua ipi ni ya asili na ipi ni C iliyochakaa? Hakuna. DNA imeumbwa kwa kutunzwa. RNA imeumbwa kwa kutumika.

SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Vikundi vyetu vina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Ndani mna leja. Leja haitoki ovyo. Hamwezi kumpa kijana leja nzima aende nayo dukani Gongoni kununua misumari, akiipoteza tumekwisha. Mnafanyaje? Katibu anafungua, ananakili mistari michache kwenye kijikaratasi: misumari kilo 2, mabati 6. Leja inarudi ndani. Kijikaratasi ndicho kinachosafiri. Kikishafanya kazi yake kinatupwa.

Leja ni DNA, na sanduku ni kiini cha seli. Kijikaratasi ni RNA, ile inayoitwa RNA mjumbe. Hunakili sehemu moja tu ya DNA, hutoka nje ya kiini, na kwenda kwa fundi. Fundi wa seli anaitwa ribosomu. Yeye husoma herufi tatu tatu, na kila herufi tatu humtajia tofali moja la kuweka. Matofali hayo ni asidi amino, aina 20, na yakipangwa kwa foleni yake hupatikana protini. Misuli ni protini, vimeng'enya ni protini, na hata kitu kinachobeba hewa ndani ya damu yako ni protini.

Mfano wetu una mpaka wake. RNA si vijikaratasi peke yake. Hamali anayemletea fundi matofali naye ni RNA, ya aina nyingine, fupi, iliyojikunja. Na fundi mwenyewe, ribosomu, sehemu yake kubwa imetengenezwa kwa RNA. Kwa hiyo RNA ni mjumbe, ni hamali, na ni fundi. DNA haifanyi hata moja ya kazi hizo. Inakaa sandukuni, inatunza.

Kwa nini kijikaratasi kitupwe? Kwa sababu mahitaji hubadilika. Jana seli ilitaka kitu hiki, leo inataka kingine. Vijikaratasi vya zamani vikibaki vikizagaa, fundi angejenga mpaka lini? Ule udhaifu wa RNA tuliousema juu una faida yake.

TURUDI KWENYE MUHOGO

Muhogo, au manga kama wasemavyo Wagiriama, ndio unaotubeba mvua ikikataa. Mahindi yakikauka, muhogo bado uko chini unangoja. Ndiyo maana magonjwa yake mawili makubwa yanatutia hofu.

Ugonjwa wa kwanza ni batobato. Huu mnaujua. Majani machanga yana mabaka ya njano au meupe meupe, yamejikunja, yamekuwa madogo, mti umedumaa. Ulielezwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Virusi vyake ni vya DNA.

Wa pili ni michirizi ya kahawia. Huu ni mjanja. Majani ya juu yanaweza kuwa mazuri kabisa. Dalili huwa kwenye majani ya chini yaliyokomaa, umanjano unaofuata mishipa ya jani, na pengine michirizi ya rangi ya kahawia kwenye shina bichi. Hasara yenyewe iko ardhini: ukikata muhogo unakuta madoa ya kahawia, magumu, makavu kama kizibo cha chupa, hauliki wala hauuziki. Uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, kule milima ya Usambara. Kwa miaka mingi ulijulikana kama ugonjwa wetu sisi watu wa Pwani na nyanda za chini, lakini tangu miaka ya 2000 umepanda hadi Uganda na magharibi ya Kenya. Virusi vyake, na viko vya aina mbili, ni vya RNA.

Sasa hadithi yetu. Tulikuwa na shamba la mfano, nusu eka, la kuzalisha mbegu. Tulichagua miti kwa macho: yenye majani safi, isiyo na batobato hata kidogo. Tulijivuna. Kabla hatujachimba, tukakata pingili tukazigawia vikundi vitatu jirani, bure, kwa furaha. Miezi kadhaa baadaye tukaanza kuvuna. Muhogo wa kwanza, kahawia. Wa pili, kahawia. Ilipofika safu ya nne tuliacha kuchimba tukakaa chini. Hatukuwa na wa kumlaumu, tulikuwa tumewapelekea wenzetu ugonjwa kwa mikono yetu. Kwenda kuwaambia wale akina mama lilikuwa jambo gumu kuliko harambee yoyote tuliyowahi kuitisha.

Kosa letu lilikuwa nini? Tulijua virusi vya aina moja tu.

NAMNA KILA KIRUSI KINAVYOINGIA NYUMBANI

Kirusi hakina fundi wala hamali. Kina maandishi tu, yamefungwa kwenye mfuko wa protini. Lazima kitumie mafundi wa mwenye nyumba.

Kirusi cha batobato kinakuja na kurasa mbili za DNA, kila moja imejifunga kama pete, ina herufi kama 2,800 hivi. Na hapa tusahihishe kidogo tuliyosema juu: DNA yake inasafiri ikiwa kamba moja, si mbili. Ikiingia ndani ya seli ya muhogo inakwenda hadi kwenye kiini, hukohuko sandukuni. Humo inatengenezewa kamba ya pili, inakuwa ngazi kamili, na kuanzia hapo karani wa muhogo anaisoma kama ni ukurasa wa leja ya nyumba. Ananakili vijikaratasi vya RNA, vinatoka, mafundi wanajenga virusi. Mwizi amejiandikisha uanachama.

Kirusi cha michirizi hakihitaji sanduku hata kidogo. Chenyewe ni kijikaratasi. RNA yake, ya herufi karibu 9,000, imeandikwa kwa namna ambayo fundi wa muhogo anaisoma moja kwa moja pindi inapoingia. Hakigongi mlango wa ofisi, kinapita jikoni. Fundi husoma karatasi lote kwa mfululizo, anatoa protini moja ndefu, halafu inakatwa katwa kuwa vyombo vya kirusi. Kimoja kati ya vyombo hivyo kazi yake ni kunakili ile RNA, nakala juu ya nakala.

Mnakili huyo hana mazoea ya kurudia kusoma alichoandika. DNA ya mti au ya mtu ikinakiliwa, kuna ukaguzi: herufi isiyofaa hufutwa. RNA ya kirusi ikinakiliwa hakuna mkaguzi, kwa hiyo makosa ni mengi. Makosa mengi hukiua kirusi chenyewe, lakini machache humsaidia kukwepa kinga ya mmea. Ndiyo sababu virusi vya RNA hubadilika sura upesi. Mliyaona mambo hayo kwenye korona, kila baada ya miezi tunaambiwa kuna aina mpya. Ile nayo ni RNA, herufi kama 30,000.

Lakini msiseme basi kirusi cha DNA ni mzee asiyebadilika. Cha batobato nacho hubadilika, na kina hila nyingine: virusi viwili tofauti vikikutana katika mti mmoja, vinaweza kubadilishana vipande vya kurasa. Ule ugonjwa mkali uliofagia mihogo ya Uganda miaka ya 1990 ulitokana na kirusi chenye DNA iliyounganika kutoka virusi viwili. Watu kule waling'oa mashamba mazima.

Jingine la kuangalia: msidhani kwamba batobato inaonekana juu kwa kuwa ni DNA, na michirizi inajificha kwa kuwa ni RNA. Hapana. Hiyo ni tabia ya kila kirusi na mahali kinapokaa ndani ya mti.

Vyote viwili hubebwa na inzi weupe, wale wadogo wanaokaa chini ya majani. Batobato hukaa ndani ya inzi siku nyingi. Michirizi hukaa naye muda mfupi tu, kwa hiyo inzi hawezi kuupeleka mbali. Sasa nani aliuvusha kutoka kijiji hadi kijiji, kutoka Pwani hadi bara? Ni sisi, na mzigo wa mbegu juu ya baiskeli. Hata batobato hapa Pwani ya Kenya, utafiti wa miaka ya 1970 na 1980 ulionyesha kwamba ilienea zaidi kwa mbegu zenye ugonjwa kuliko kwa inzi.

MAABARA, NA JAMBO MOJA LA AFYA

Mashine ya maabara inayokuza maandishi madogo mpaka yaonekane hujua DNA tu. Jani la batobato linaweza kupimwa hivyo moja kwa moja. Jani la michirizi haliwezi: lazima kwanza RNA igeuzwe kuwa DNA kwa kimeng'enya maalumu. Na kwa kuwa RNA huharibika upesi, jani likichelewa kwenye mfuko wa nailoni juani, jibu linaweza kutoka "hakuna ugonjwa" hali upo. Mwaka 2020, KEMRI mjini Kilifi ilipokuwa ikipima korona za Pwani, kazi ilikuwa ileile: sampuli kwenye barafu, RNA igeuzwe DNA, ndipo isomwe.

Kimeng'enya hicho cha kugeuza kiligunduliwa mwaka 1970, na kuna kirusi mmoja anayetembea nacho: kirusi cha ukimwi. Huyu anakuja akiwa RNA, anajigeuza DNA, halafu anajishona ndani ya leja ya seli yako. Tumeulizwa mara nyingi na wenzetu walio kwenye vikundi vya kusaidiana: "Kama kipimo changu kinasema virusi havionekani, kwa nini nisiache dawa?" Jibu liko hapa. Kipimo cha wingi wa virusi huhesabu RNA iliyo kwenye damu, yaani vijikaratasi vinavyozunguka. Dawa zimevizuia, havionekani, na hiyo ni habari njema sana kwako na kwa mwenzako wa ndoa. Lakini ule ukurasa wa DNA bado umeshonwa lejani, na dawa hazijaufikia. Ukiacha, karani ataunakili tena. Hayo tumeyaweka hapa kwa makusudi, ingawa makala ni ya muhogo.

MBEGU IPI, NA NANI WA KUULIZA

Wazee wa Amani, kati ya miaka ya 1930 na 1950, walichanganya muhogo na jamaa zake wa porini, ukiwamo mti wa mpira wa Ceara, wakapata mihogo yenye nguvu. Mmoja wao bado uko mashambani kwetu: Kaleso. Tanzania wanauita Namikonga. Unasifika kwa kuvumilia michirizi. Kibandameno, tunaoupenda wote kwa utamu, hauna nguvu hiyo, unashikwa na magonjwa yote mawili. Kituo cha utafiti cha Mtwapa, siku hizi chini ya KALRO, kilitoa mbegu kama Tajirika, Karembo na Shibe. Mkienda kununua, msiulize tu "unastahimili ugonjwa?" Ulizeni "ugonjwa upi?" Kinga ya batobato si kinga ya michirizi. Leja na kijikaratasi havifungwi kwa kufuli moja.

Mmesikia pia habari za muhogo uliobadilishwa jeni. Tueleze unavyofanya kazi, maamuzi ni yenu. Mimea ina mlinzi wake: ikiona RNA yenye kamba mbili, jambo lisilo la kawaida, huikata vipande vifupi, kisha hutumia vipande hivyo kama picha ya mhalifu kutafuta RNA nyingine inayofanana na kuiharibu. Watafiti walichukua sehemu ya maandishi ya virusi vya michirizi wakaiweka katika DNA ya muhogo, ili mti utengeneze picha hiyo mapema, kabla mwizi hajafika. Ulijaribiwa katika mashamba yaliyozungushiwa ua, Mtwapa ikiwa mahali pamoja, na Juni 2021 Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia ilikubali utolewe nje ya ua kwa hatua zinazofuata. Wapo wanaounga mkono na wapo wanaopinga, na hoja nyingine si za sayansi bali za nani anamiliki mbegu. Hizo nazo ni hoja.

Mama wa Magarini alikuwa na swali lingine: je, tukila muhogo wenye virusi, DNA yake itatuingia? Mama, kila chakula kina DNA na RNA, samaki, mchicha, nazi, na tumbo huzisaga zote. Virusi vya muhogo haviwashiki watu. Ile sehemu ya kahawia itupe kwa kuwa imeharibika, si kwa kuwa itakuambukiza.

TUNAVYOFANYA SASA

Hakuna dawa ya kunyunyiza inayoponya mti wenye virusi. Kwa hiyo sisi tumebadilisha utaratibu wa mbegu. Muhogo ukiwa na miezi mitatu hadi sita tunapita safu kwa safu. Wenye mabaka juu, ng'oa. Halafu tunainama, maana hapo zamani hatukuinama, tunaangalia majani ya chini na shina. Wenye umanjano wa mishipa au michirizi, ng'oa. Iliyobaki safi tunaifunga uzi.

Siku ya mbegu tunachimba kwanza, tunakata pingili baadaye. Kila muhogo wa mti ule unakatwa mahali patatu au panne. Kukiwa na doa hata kwenye mmoja, mti wote hautoi mbegu. Hata hivyo mti unaweza kuwa na kirusi bila kuoza bado, kwa hiyo kila baada ya misimu michache tunanunua mbegu safi iliyokaguliwa. Na shamba likijulikana lina michirizi, vuneni mapema, kwani uozo huongezeka kadiri muhogo unavyokaa.

Vile vikundi vitatu tulivipitia vyote. Kimoja kilikuwa kimeshapanda zote, kikavuna mapema na kuokoa kiasi, kikauza kwa watengeneza kripsi na kingine wakakausha. Cha pili walizing'oa wakapanda kunde. Cha tatu, bado walikuwa hawajapanda. Pingili zetu zilikuwa zimeegemezwa kivulini nyuma ya kanisa, zinangoja mvua ya mwaka, zimeanza kuchipua majani mazuri ya kijani. Tulizichoma sisi wenyewe.